"Ndari ya Mwarimu": Wimbo wa Kamaru Tunaoukwepa Madarasani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, Joseph Kamaru alifariki jijini Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018. Katika shule za Murang'a, Karatina, Nyeri na hata Nanyuki, si ajabu kulisikia jina lake pindi somo la nyimbo linapofika. Mwanafunzi akiulizwa atoe mfano wa mwimbaji wa jamii yake aliyeikosoa jamii hiyo, atamtaja Kamaru. Akiulizwa wimbo, atautaja ule wa J.M. Kariuki wa mwaka 1975. Ni jibu zuri, nasi tunampa alama zake. Lakini upo wimbo mwingine wa Kamaru ambao hatuutaji, nao unatuhusu sisi walimu kuliko watu wengine wote. Unaitwa "Ndari ya Mwarimu", yaani mpenzi wa mwalimu, na maudhui yake ni walimu wanaowatongoza wasichana wa shule.

Ni vyema tukumbushane kwa ufupi mwimbaji huyu alikuwa nani. Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Mwaka 1957 alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akawa mtumishi wa nyumbani huku akiweka akiba ya kununua gitaa. Jina lake lilivuma mwaka 1967 kwa wimbo "Celina", alioutoa pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Baadaye aliongoza bendi ya Kamaru Super Stars, akaivunja mwaka 1993 alipotangaza kuwa ameokoka na kugeukia nyimbo za Injili. Wasifu mrefu zaidi ya huo haumsaidii sana mtahiniwa. Kinachomsaidia ni kuusoma wimbo wenyewe, na hapo ndipo nataka tutue.

Tuanze na anwani, maana anwani hii pekee inatosha kipindi kizima cha dakika arobaini. Neno "ndari" limetoholewa kutoka kwa neno la mahaba la Kiingereza, darling. "Mwarimu" ni mwalimu wetu wa Kiswahili aliyepita kinywani mwa Kigikuyu, lugha ambayo sauti /l/ ya Kiswahili huigeuza kuwa /r/. Kwa hiyo kati ya maneno mawili makuu ya anwani hakuna hata moja ambalo asili yake ni Kigikuyu. Kilicho cha Kigikuyu ni kiunganishi "ya" tu, nacho kinafanana mno na chetu. Mwanafunzi kutoka Lamu asiyejua neno la Kigikuyu anaweza kuielewa anwani hii bila mkalimani.

Je, Kamaru alikosa neno? La hasha. Kigikuyu kina neno "mwendwa", ambalo limeundwa sawasawa na "mpendwa" wa Kiswahili: mzizi wa kupenda ukiwa katika kauli ya kutendwa. Ni neno lenye staha, hata kanisani hutumika. Kuliacha neno hilo na kuchukua "ndari" ni uteuzi wa msamiati wenye kusudi. Msichana wa kijijini angelipata wapi neno la mahaba la Kiingereza miaka ile? Mahali pa karibu zaidi ni darasani, na aliyesimama mbele ya darasa ndiye yule yule aliyetajwa mwishoni mwa anwani. Elimu iliyopaswa kumfungulia mtoto dunia ndiyo iliyotumiwa kumnasa. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "kuna matumizi ya utohozi" ametaja mbinu akaishia njiani. Anayeeleza kwamba utohozi huu unaonyesha mahaba yaliyoingia kijijini kupitia mlango wa shule, huyo amehakiki.

Zingatia pia kwamba mwalimu huyu hana jina. Hatuambiwi ni mwalimu wa Kangema wala wa Othaya. Ni mwarimu, basi. Mhusika asiye na jina katika wimbo wa kejeli ni kama kofia iliyoachwa mezani: hakuna anayelazimishwa kuivaa, lakini kila anayepita huitazama. Historia inatuonyesha walimu waliitazamaje. Wimbo ulizua hasira, chama cha walimu kikalalamika na kutishia mgomo. Nimewahi kusikia tukio hili likisimuliwa vyumbani mwa walimu kama kichekesho, mfano wa jinsi wanamuziki wanavyopenda vurugu. Mimi naliona kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba fasihi simulizi ina nguvu. Ukitaka kumfafanulia mwanafunzi dhima ya kuonya na kukashifu, huhitaji kwenda mbali: kundi zima la wasomi lilitaka kuweka chaki chini kwa sababu ya wimbo wa mtu mwenye gitaa.

Hata hivyo tusiwacheke walimu wale bila kuwaelewa. Katika nchi ya Agikuyu, shule haikuwa jengo la serikali tu. Mwaka 1929 na 1930, wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana, watu walitofautiana na wamishonari, wakaimba nyimbo za muthirigu za kuwakejeli wazungu na machifu hadi serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku. Kisha wakajijengea shule huru kwa mikono na michango yao, Murang'a na Nyeri zikiwa miongoni mwa ngome zake, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikaanzishwa Githunguri. Serikali ilizifunga taasisi hizi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Kwa watu waliopitia hayo, mwalimu alikuwa mtu wa kuinukiwa kiti. Kejeli ya Kamaru iliuma kwa sababu iligusa mtu aliyeaminiwa na kijiji kizima, akakabidhiwa watoto. Tena angalia mzunguko huu: nyimbo za kukejeli zilizotumika kuwapinga wenye shule za misheni sasa zilimgeukia mwalimu wa shule zetu wenyewe.

Hapa pana jambo ninalomkosoa Kamaru, maana kumuenzi mtu si kumfunika kasoro zake. Anwani inamtanguliza msichana. Ndiye "ndari", ndiye anayetajwa kwanza, na mwalimu anakuja nyuma kama mmiliki wake. Neno la kejeli likishatoka kinywani mwa mwimbaji halina mwenyewe, na ni rahisi zaidi kumtupia mtoto wa miaka kumi na sita njiani kuliko kumtupia mwalimu wake. Mtahiniwa wa kike akiniambia kwamba wimbo huu umeutazama uovu kwa jicho la mwanamume, nitamsikiliza, na akitoa hoja nitampa alama.

Linganisha sasa na wimbo wa J.M. Kariuki. Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa Machi 1975, na maiti yake ikapatikana katika milima ya Ngong. Kamaru alimtungia wimbo wa maombolezo, na uhusiano wake na Rais Jomo Kenyatta, aliyekuwa karibu naye, ukaharibika. Kwa uainishaji tunaoufundisha, huu ni mbolezi. Lakini mbolezi kwa kawaida huimbwa matangani, mbele ya wafiwa. Huu ulikuwa kwenye santuri, ukaweza kupigwa dukani na baani, kila mahali palipo na sahani ya kuuzungushia. Tanga likasafiri. Ni mfano mzuri wa kumjibu yule anayedai kwamba utanzu wa fasihi simulizi hufa unaporekodiwa.

Wimbo huo unafundishika kwa urahisi, na sababu yake naiona wazi: mshtakiwa yuko mbali, yumo serikalini. Katika "Ndari ya Mwarimu" mshtakiwa ameshika chaki.

Ningependa pia tuache mazoea ya kuandika kwamba Kamaru alikuwa "sauti ya wanyonge" na kuishia hapo. Mwaka 1980 alikuwa katika msafara wa Rais Moi kwenda Japani, na aliporudi akatunga "Safari ya Japan", wimbo wa kumsifu Moi. Huo ni sifo, na ni sehemu ya kazi zake kama ule wa J.M. Baadaye aliunga mkono mfumo wa vyama vingi na urafiki huo nao ukavunjika. Mwimbaji aliyesifu na kukashifu katika maisha mamoja ni somo zuri kwa darasa kuliko shujaa asiye na doa, kwa kuwa analazimisha swali ambalo watahiniwa wetu huliogopa: nani analengwa, na lini?

Kuhusu hilo la walimu, sheria ilichukua muda kumfikia Kamaru. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, inamtaja mwalimu waziwazi miongoni mwa wenye mamlaka ambao ni kosa la jinai kwao kuitumia nafasi yao kumwingilia mwanafunzi. Mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu ikatoa Waraka Nambari 3 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Jambo lililowafanya walimu kutishia mgomo lilipoimbwa, sasa limo katika maandishi ambayo kila mwalimu aliyeajiriwa anapaswa kuyajua.

Mwalimu, najua ugumu wa kuupeleka wimbo huu darasani. Kuna aibu, na huenda mbele yako yuko msichana ambaye kwake hii si fasihi. Usimwite yeyote asimame aeleze. Watume wanafunzi wawahoji wazee wao kuhusu nyimbo za Kamaru walizozikumbuka ujanani, wakusanye, wafasiri kwa Kiswahili, kisha wauweke huu pamoja na nyingine. Kazi ya nyanjani ni sehemu ya silabasi, na Kangema si mbali na Nyeri. Stesheni za Kigikuyu kama Kameme, iliyoanza mwaka 2000, na Inooro, iliyofuata mwaka 2003, zimezirudisha nyimbo nyingi za zamani hewani. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile na kujulikana kimataifa kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti. Kisingizio cha kukosa matini hakipo tena.

Baada ya kazi hiyo, wape swali hili, nawe ulijibu kwanza kabla ya kuwapa: "Jamii inapodai wimbo upigwe marufuku, huwa imeuelewa wimbo huo vibaya au vizuri mno? Jadili kwa kurejelea 'Ndari ya Mwarimu' na wimbo mwingine mmoja wa jamii yako. Alama 20."