Ustadi wa Kuutuliza Waya

Rubani aliyejiundia ndege kwa mikono yake anaketi kwenye usukani baada ya kumaliza kuunganisha nyaya. Anabonyeza kitufe cha kusemea, anataja namba ya ndege yake, na papo hapo taa ndogo kwenye dashibodi inaanza kumetameta. ELT, kile kisanduku kilichofungwa karibu na mkia ili kiwaite waokoaji ndege ikianguka, kimeanza kulia. Ndege haijasogea wala haijagonga kitu. Sauti ya rubani mwenyewe, ikiwa imegeuzwa mawimbi ya redio, imepenya mahali isipotakiwa na kufanya kazi ya amri.

Wanaojiundia ndege nchini Marekani, ambako kazi hii imestawi kuliko kwingineko, wanaijua adha hii. Namna mafundi wao wazuri wanavyoikabili ni kazi ya mikono ninayoiheshimu sana. Inadai mtu afuatilie kitu asichokiona, akipime kwa subira, kisha akizuie bila kukidhuru kile anachokilinda.

Kifaa chenyewe ni redio ndogo yenye betri yake. Ndani yake mna swichi inayohisi mshtuko. Ndege ikijibamiza chini, swichi hujifunga na redio huanza kutangaza bila kusubiri mkono wa mtu. Hutangaza kwenye megahezi 121.5, masafa ya dharura ya anga, kwa mlio unaoshuka na kuanza upya mfululizo. Za kisasa hutuma pia ujumbe wa kidijitali kwenye megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5, takriban kila baada ya sekunde 50, ukiwa na namba inayoitambulisha ndege hiyo na si nyingine. Setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat huudaka na kuufikisha kwa waokoaji.

Chimbuko lake ni misiba. Tarehe 16 Oktoba 1972, ndege aina ya Cessna 310 iliondoka Anchorage, Alaska, kwenda Juneau ikiwa na wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, pamoja na msaidizi na rubani. Walitafutwa kwa siku 39, na mpaka leo ndege hiyo haijaonekana. Sheria ya kuzitaka ndege ndogo zibebe ELT ilikuwa imekwishapitishwa, na mkasa huo ukamwonyesha kila mtu kwa nini ilihitajika. Miaka 10 baadaye, Septemba 1982, setilaiti ya Kisovieti iliyorushwa miezi michache kabla ilisaidia kuwapata watu walioanguka na ndege ndogo British Columbia, Kanada. Dunia ilikuwa katikati ya Vita Baridi, lakini Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti zilikuwa zimekubaliana kwamba aliyeanguka porini atafutwe.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nguvu yote ya mbiu imo katika imani hiyo: isipokuwepo, watu hawatoki majumbani. Na kwa ELT imani hiyo imejaribiwa sana, kwa maana sehemu kubwa kabisa ya miito yake imekuwa ya bure. Oktoba 2004, huko Corvallis, Oregon, setilaiti ilidaka ishara ya megahezi 121.5, na waokoaji na polisi wakaifuata hadi kwenye nyumba ya mwanafunzi mmoja. Mtangazaji alikuwa televisheni yake, iliyokuwa na hitilafu. Tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti haziyasikilizi tena masafa hayo, na wingi wa miito ya uongo ni sababu kubwa mojawapo. Kila mwito wa bure humla mtu usingizi, hula mafuta ya ndege ya utafutaji, na huweza kumchelewesha aliye katika shida kweli. Ndiyo maana fundi anayeona taa yake ikimeta bila sababu haipuuzi.

Kwa nini ndege za kujiundia hasa? Ndege ya kiwandani hupangiwa nyaya mara moja, hupimwa, kisha mpango huo hurudiwa kwenye ndege nyingi. Ndege ya kujiundia, hata ikitokana na michoro ile ile, hupangwa na mtu mmoja katika gereji yake. Ndege za aina ya RV, zilizobuniwa na Richard VanGrunsven, zilizokwisha kuruka ni zaidi ya 10,000, na ukiinamia nyuma ya dashibodi za mbili kati yake utaona miji miwili tofauti. Mmoja amepitisha waya kushoto, mwingine kulia; mmoja ameweka antena ya mawasiliano tumboni mwa ndege, mwingine mgongoni. Uhuru huo ndio utamu wa kazi, na ndio unaomfanya kila muundaji awe mtafiti wa ndege yake mwenyewe.

Chanzo cha tatizo ni urefu. Redio za anga huzungumza kati ya megahezi 118 na 137. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa zaidi kidogo ya mita 2, na robo yake, urefu ambao huufanya waya ulipokee vizuri sana, ni karibu sentimita 60. Sasa fikiria nyaya zinazotoka kwenye kisanduku kule mkiani hadi kwenye swichi ndogo ya dashibodi, ambayo rubani huitumia kuiwasha au kuizima ELT. Zinapita mita 2 au 3 ndani ya ndege, hatua chache kutoka kwenye antena inayomwaga wati 10. Hakuna aliyekusudia ziwe antena, lakini urefu wake umezifanya hivyo.

Hata hivyo, kupokea wimbi hakutoshi kuamsha kisanduku. Wimbi hupanda na kushuka zaidi ya mara milioni 100 kwa sekunde, na mzunguko wa swichi hauwezi kulifuata. Hatari huja wimbi linapokutana na dayodi au transista, vitu vinavyopitisha umeme upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Hapo nusu ya wimbi hukatwa, na kinachobaki ni umeme wa kawaida ambao mzunguko unauelewa. Wengi wetu tumekwisha kuusikia mwujiza huu: ule mngurumo wa spika ya redio sekunde chache kabla simu iliyo karibu haijaita. Spika haikuundwa ipokee simu. Transista zilizomo ndani ndizo zilizotafsiri. Katika ELT tafsiri hiyo hiyo inaweza kusomeka kama kidole kilichobonyeza swichi.

Kwa hiyo fundi anaanza msako, na kanuni yake ya kwanza ni kutosababisha mwito wa bure huku akiutafuta. Anaitoa antena ya ELT na kuweka mahali pake mzigo bandia wa omu 50, unaokula nguvu badala ya kuirusha hewani. Nchini Marekani, jaribio la kusikika kwenye 121.5 hufanywa ndani ya dakika 5 za kwanza za saa, tena kwa milio michache tu. Ujumbe wa 406 hujaribiwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji tu. Fundi mwema hufuata taratibu hizi hata akiwa peke yake kwenye uwanja usio na mnara.

Kisha huuliza swali moja kwa wakati. Je, tatizo lipo kwenye masafa yote? Anatangaza kwenye 118, kwenye 122.8, kwenye 135, akiandika kila jibu daftarini. Likitokea upande mmoja tu wa masafa, ni dalili kwamba kuna waya wa urefu fulani unaoitikia, naye huanza kupima nyaya kwa futikamba. Je, nguvu inapita hewani au ndani ya nyaya? Anaing'oa antena ya redio ya mawasiliano na kuiunganisha redio hiyo nayo kwenye mzigo bandia. Likikoma, njia ni hewa. Likiendelea, huenda kebo inavuja au nguvu inapitia nyaya za umeme na za kipaza sauti. Je, mlango ni upi? Anachomoa nyaya za swichi kwenye kisanduku. Likikoma, amepata mlango. Pupa ingemfanya abadilishe vitu vitatu kwa pamoja, na tatizo lingeweza kuisha. Lakini asingejua kilicholimaliza, na likirudi siku nyingine angeanza tena gizani.

Tiba zake ni ndogo kwa umbo. Iko shanga ya feriti, pete nyeusi inayovishwa waya. Huuacha umeme wa kawaida upite na kuyagomea mawimbi ya redio. Waya ukipitishwa mara 3 ndani ya pete moja, kizuizi hukua karibu mara 9, kwa kuwa kinafuata mraba wa idadi ya mizunguko. Iko kapasita ya pikofaradi 1,000, inayoyapeleka mawimbi kwenye erthi kabla hayajaingia kisandukuni. Hapa ndipo mkono wa fundi hujulikana: kwa masafa haya, sentimita moja tu ya mguu wa kapasita huzuia mawimbi kuliko kapasita yenyewe, hivyo mguu mrefu huifuta faida yote. Asiyejua huinunua iliyo bora na kuiacha na miguu mirefu. Anayejua huikata miguu hadi karibu na mwili wake. Vivyo hivyo kwa msuko wa shaba unaoufunika waya: ukiunganishwa na erthi kuzunguka waya wote, hulinda, ukisokotwa kuwa mkia mrefu ndipo uunganishwe, mkia huo nao huwa antena. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna tiba moja inayomaliza kila kitu. Kila moja hupunguza kiasi, mpaka kisanduku kinabaki kimya kwenye masafa yote.

Katika ndege za faiba ya kioo kazi huwa ngumu zaidi, nami naiona tamu zaidi. Long-EZ ya Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979, haina ngozi ya alumini ya kuzikinga nyaya. Mawimbi ya redio huipenya faiba hiyo kama vile haipo. Waundaji waligeuza udhaifu huo kuwa neema: Jim Weir, mhandisi wa elektroniki aliyewafundisha wengi, alieneza antena za utepe wa shaba uliobandikwa ndani ya mwili wa ndege, na feriti zikivishwa kwenye kebo pale inapokutana na utepe. Zikishafunikwa kwa kitambaa cha faiba na gundi, hazionekani, hazipingani na upepo, wala hazibadilishiki. Muundaji lazima aamue mahali pa kila antena kabla ya kuifukia, akijua kosa la nusu mita litakuwa sehemu ya bawa lake kwa maisha yote.

Kuna sura nyingine ya jambo hili ambapo ELT iliyozimwa ndiyo inayosumbua. Zidisha megahezi 121.175, masafa ya mazungumzo ya kawaida, mara 13: unapata 1575.275, jirani wa 1575.42 ambayo GPS huyasikiliza. Antena ya ELT hupokea mazungumzo ya rubani, transista za kisanduku huyakatakata, na vipande hivyo vya masafa ya juu hurushwa tena na antena ile ile. Ramani kwenye dashibodi hupoteza setilaiti zake kila rubani anaposema kwenye masafa hayo. Dawa ni kichujio kidogo kwenye kebo ya antena ya ELT. Fundi anayeifikia dawa hiyo amelazimika kukishuku kifaa ambacho hakijawashwa kabisa, na kuifuata hesabu hata ilipoelekeza mahali pasipotarajiwa.

Jambo ninalolistahi zaidi ya yote ni mizani. Ni rahisi kuikomesha ELT isilie bure: iweke mbali na kila kitu, iongezee kebo ndefu, ifungie vichujio kila upande. Lakini mwaka 2015 NASA iliziangusha makusudi Cessna 172 tatu huko Langley, Virginia, ili kuchunguza kwa nini ELT hushindwa kulia ajali inapotokea kweli, na waliyoyatazama kwa makini ni pamoja na namna kisanduku kinavyofungwa na kebo ya antena inavyopitishwa. Kebo ndefu iliyokazwa hukatika mwili wa ndege unapojikunja, na kisanduku kilichokatwa antena ni bubu. Basi antena ya ELT inatakiwa iwe mbali na redio, na wakati huo huo iwe karibu na kisanduku chake, kebo ikiachiwa ulegevu kidogo. Fundi hupima matakwa hayo mawili kwa sentimita, ndani ya mkia mwembamba usioingia mabega yake.

Kazi hiyo ikikamilika, hakuna abiria atakayeisifu, na katika ukaguzi wa kila miezi 12 itaandikwa mstari mmoja tu. Lakini afisa wa uokoaji atakayeipokea namba ya ndege hiyo kwenye skrini yake atakuwa na sababu ya kuiamini na kutuma watu mara moja. Sababu hiyo ilijengwa gerejini na mtu aliyekataa kuridhika na taa inayometa mara moja moja, na nadhani tunamdai heshima ile ile tunayowapa wanaokwenda kuokoa.