Desdemona Hakusikilizwa

Wako wasomao mchezo wa Othello, ambao Shakespeare aliutunga na ukachezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604, nao husema kwamba msiba wake watokana na wivu wa mtu mweusi. Sisi hatukubali. Iago si mweusi, naye amwua mke wake vile vile. Kosa twaliona mahali pengine.

Mwanzo wa mchezo, Othello, jemadari wa Venice, ashtakiwa mbele ya mtawala kwamba amemroga Desdemona hata akamwoa. Othello ajibu nini? Aomba Desdemona mwenyewe aitwe aseme. Binti aja, anena kwa adabu pasipo hofu kwamba ameolewa kwa hiari yake. Na baba yake hana la kujibu. Basi Othello aliokoka kwa ushuhuda wa mwanamke.

Sasa tuangalie yaliyotukia katika kisiwa cha Kipro. Iago amnong'oneza Othello kwamba mkewe ampenda Cassio, na leso iliyopotea yafanywa ushahidi. Emilia, mtumishi wa Desdemona, yu tayari kuapa kwamba bibi yake ni safi, hasadikiwi. Othello ampiga mkewe mbele ya wageni, na usiku aingia chumbani hukumu ikiwa imekwisha kukatwa. Desdemona asihi Cassio aitwe aulizwe. Haki ile ile aliyoiomba mume akapewa, mke anyimwa.

Wengine humsifu Desdemona kwa kuwa, alipokuwa akifa, alijitwika mwenyewe kosa la mumewe. Twamhurumia na kumheshimu, lakini kweli haikujulikana kwa uvumilivu huo. Ilijulikana kwa kinywa cha Emilia. Mumewe Iago alimwamuru anyamaze aende nyumbani. Yeye akakataa, akasema kwamba leso aliiokota yeye na kumpa Iago, naye akauawa kwa neno hilo.

Mtunzi twamlaumu kwa jambo moja: mwisho wa mchezo atuelekeza tumlilie Othello, anenaye habari za sifa zake na utumishi wake, hali wanawake wawili wamelala wafu kando yake. Twamlilia, naam, lakini tuwalilie kwanza wale waliokufa bila kosa.

Nikodemo aliwakumbusha wenzake kwamba torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Neno hilo si la baraza la Wayahudi tu. Hata vijijini mwetu mwanamke aweza kufukuzwa nyumbani, au kutengwa na meza ya Bwana, kwa uvumi wa kisimani. Enyi waume, nanyi wazee wa kanisa, kabla ya kuhukumu mwiteni aseme, na shahidi wake aitwe pia. Othello alijua kweli yote, lakini mkewe alikuwa amekwisha kufa. Majuto ni mjukuu.