Mafundi wa Uani

Pongezi hizi ni za mafundi wa nyumbani wa California, waliochukua Ford kuukuu isiyo na paa, wakang'oa madigadi na kila kilichoongeza uzito, kisha wakaenda kuikimbiza kwenye ziwa kavu la Muroc au El Mirage. Kufikia mwisho wa 1937 walikuwa na chama chao cha mbio, SCTA.

Kilichowanogesha ni Ford ya 1932: injini ya V8, nguvu farasi 65, kwa bei ya mtu wa kawaida.

Hadi leo wapo wanaounda gari la aina hiyo gerejini kwao, kwa jasho. Bodi ya Model A, ya 1928 hadi 1931, hukalishwa juu ya fremu ya 1932. Ncha za ekseli ya mbele huchomwa moto na kupindwa juu ili pua ya gari ishuke. Breki za kuvutwa kwa fimbo za chuma? Nje! Huwekwa za mafuta, ambazo Ford yenyewe haikuzikubali hadi 1939. Halafu kabureta 2 za Stromberg 97, zisawazishwe kwa sikio. Hapo ndipo fundi hujitenga na mnunuzi wa vipuri.

Rangi inaweza kusubiri. Wengi huingia barabarani na praima tu.