Comet Nyekundu Imetua Mhezi!

Imefika! Imeshuka Same jana usiku na basi la Dar, asubuhi ikapandishwa mlimani kwa bodaboda ndani ya rambo jeusi, na hapa Mhezi ukungu haujatoka kwenye migomba, mimi nimeshakata boksi kwa kisu cha jikoni. Chai imepoa. Ipoe tu!

Ni ndege ya mfano: De Havilland DH.88 Comet, G-ACSS, kipimo cha 1 kwa 72, chuma cha kumimina. Jamani, wekundu huu! Picha za simu zilikuwa zinaudhulumu. Nimeweka rula ya shule: bawa hadi bawa inakaribia sentimita 19, pua hadi mkia 12 na kitu. Inajaa kiganjani, nzito, baridi kama jiwe la mtoni. Mabawa ni membamba na yamechongoka kama majani ya mwembe, na ubavuni imeandikwa Grosvenor House kwa herufi ambazo nimezisoma kwa miwani ya mama. Ni jina la hoteli ya London, maana mwenye ndege alikuwa bosi wa hoteli hiyo. Matangazo ubavuni hayakuanza na mabasi yetu!

Ila pua ndiyo imenimaliza. Pua yote ile ndefu ni tangi za mafuta, kwa hiyo marubani wamesukumwa huko nyuma, mmoja mgongoni kwa mwenzake, chini ya kioo chembamba. Ukichungulia unaona viti viwili. Viti, kwenye kitu cha ukubwa huu!

Halafu propela. Zinazunguka ukizipuliza, na nimezipuliza mpaka kizunguzungu. Zile za kweli, za kampuni ya Ratier, zilijazwa upepo kwa pampu ya baiskeli kabla ya kuruka ili visu vikae mkao wa kupandia; mwendo ukikolea upepo unajitoa wenyewe, visu vinageuka kwenye mkao wa kukimbilia, na havirudi tena mpaka mtue mpige pampu upya. Nimemweleza mpwa wangu, akauliza, "Mjomba, pampu hii hii ya kujazia mpira?" Hiyo hiyo, mjomba!

Na ndege hii ina damu ya kwetu. Mmoja wa marubani wake, Tom Campbell Black, aliivia Nairobi, kwenye Wilson Airways ya Florence Kerr Wilson iliyoanza mwaka 1929, yule mama ambaye Uwanja wa Wilson una jina lake hadi leo. Mwaka 1931 ndiye aliyemkuta Ernst Udet, rubani wa Kijerumani, amekwama kwenye vinamasi vya Nile huko Sudan. Mtu wa namna hiyo ukimpa Comet unategemea nini? Tarehe 20 Oktoba 1934 yeye na rubani mwenzake Charles Scott waliruka kutoka Mildenhall, Uingereza, kwenye mashindano ya kwenda Melbourne, wakapitia Baghdad, Allahabad na Singapore, wakaingia Darwin injini moja ikiwagomea, na bado wakafika wa kwanza. Saa 71! Miaka miwili baadaye Campbell Black alifia Liverpool, ndege ya jeshi ilipoiparamia yake uwanjani wakati akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Comet yenyewe ingali hai Uingereza, na inaruka.

Kasoro? Ipo. Mstari wa maungio chini ya tumbo unaonekana, na stika ya namba 34 ya mashindano, mkiani, imebandikwa upande, kidogo tu, lakini ukishaiona huachi kuiona. Bei nisiulizwe, mke wangu naye ni msomaji.

Nimeiweka juu ya kabati la vyombo, ubavu wenye stika iliyopinda ukitazama ukutani.