Bwana Msa na Nuksi Zetu

Wahakiki wengi wanapoisoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapwa mwaka 1960, hufikia hukumu moja, kwamba msanii anapiga vita ushirikina kwa silaha ya akili. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haikutimia. Hebu tuitazame upya.

Maiti ya Bwana Ali inakutikana mzimuni. Watu wanatetemeka, kwao wao, pahala penyewe pameshatoa jibu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatafuta mkono wa binadamu mpaka anaupata. Hapa ndipo ilipo nguvu ya dhamira. Mzimu haukuua mtu, ila hofu ya mzimu ilimpa muuaji pazia. Kila aliyesema "haya si ya kuulizwa" alimsaidia bila ya kujua.

Udhaifu je? Kwa maoni yetu, waaminio wamechorwa kama kundi moja la waoga. Sasa mtazame mwenye duka pale Darajani asiyekopesha asubuhi kabla hajauza cha mwanzo, au mama anayemkataza bintiye kufagia usiku asije akafagia riziki, au mzee anayepigisha falaki kabla ya kutaja siku ya harusi. Hawa si wajinga hata kidogo. Riziki yao haina hakika, na nuksi ni jina wanalolipa lile wasiloliweza. Msanii mwenyewe alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, huko huko kunakofanywa Mwaka Kogwa kila Julai. Watu hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti hutiwa moto, na chuki na mabaya ya mwaka uliokwisha huachwa hapo. Kuuita huo ushirikina tu ni kuusoma nusu. Upande huu wa imani, unaopatanisha majirani, riwaya inaupita mbio.

Lakini jamani, tusiipambe imani kupita kiasi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na mjini Unguja umati ukamuua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye. Mkosi usio na sura ulipewa sura ya mnyonge. Muhammed Said alikwishafariki mwaka 1991, na mtaani hakutokea Bwana Msa wa kuuliza swali la pili.

Kwa hiyo, kuuliza kama imani ni ya kweli au ya uongo hakutufikishi mbali. Tuulize nani anafaidika nayo na nani anailipia. Anayenyimwa mkopo asubuhi atarudi adhuhuri. Anayeambiwa ana mguu mbaya huishi nalo jina hilo maisha yake yote. Riwaya imetuonyesha vizuri anayefaidika. Anayelipa bado anangoja kuandikwa, na wanaojifunza fasihi leo ndio wenye kalamu.