Sifa ya Wasoma Kinyesi

Msomaji asikunje pua mapema. Kazi ninayoisifu hapa huanza alfajiri, mtu akiwa na glavu na mfuko wa plastiki, akiinama mahali duma alipojisaidia usiku. Anachokiokota kinabeba habari za hofu ya mnyama huyo na za mayai yake ya uzazi, naye hakuguswa hata unywele.

Mnyama akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli kwenye damu. Maabara inaweza kuipima katika damu, ila sindano yenyewe ni mshtuko: baada ya dakika chache tu kipimo kimepanda, na daktari anajikuta anapima hofu aliyoileta mwenyewe. Kinyesi hakina kasoro hiyo. Ini huzivunjavunja homoni, mabaki yake hushuka na choo yakiwa jumla ya saa nyingi zilizopita, wala mnyama hajui kwamba ameulizwa jambo.

Ustadi umo katika mambo madogo. Bakteria huendelea kuzivunja homoni hata kinyesi kikiwa chini, kwa hiyo sharti kiwahi kwenye friza. Wanyama wawili wakilala banda moja, mmoja hutiliwa vimetameta au rangi katika chakula, na choo kinachong'aa hupata mwenyewe bila ubishi. Ujanja huu naupenda kuliko mashine yoyote. Baadaye sampuli hukaushwa, husagwa, huchanganywa na alkoholi, ndipo kingamwili zitumike kuisaka homoni inayotafutwa.

Lakini namba peke yake ni bubu. Kotisoli hupanda kwa woga, hupanda pia wakati wa kujamiiana na wa kuzaa, na kila mnyama ana kiwango chake cha kawaida. Anayejua maana ya namba ya Alhamisi ni mtunzaji aliyeandika daftarini kwamba Jumatano mafundi walitoboa ukuta jirani. Ndiyo maana siwapi wanakemia sifa zote.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa chui-mawingu 74 katika bustani 12 za wanyama Marekani. Waliokuwa na mabanda marefu ya kukwea walionyesha homoni kidogo za msongo. Waliowekwa mbele ya macho ya wageni, au karibu na wala nyama wakubwa, walikuwa nazo nyingi. Dawa ikawa mikononi mwa seremala. Uchunguzi mwingine wa miaka hiyo uliwahusu duma majike waliofungiwa wawili wawili: baadhi yao mizunguko ya uzazi ilisimama, na walipotenganishwa ikarudi. Porini duma jike aliyekomaa haishi na jike mwenzake. Miaka mingi watu walisema duma ni mgumu kuzaa kifungoni, kumbe wengine walikuwa wamechoka na jirani.

Kwetu, daftari hilo la mtunzaji lina uzito wa pekee katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Desemba 2009 vifaru weupe wa kaskazini wanne waliletwa kutoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, kwa tumaini kwamba hewa na nyasi za Kenya zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Viinitete sasa hutengenezwa maabara na kupandikizwa kwa vifaru weupe wa kusini, na hapo siku ya joto la jike ndiyo kila kitu. Pamoja na vifaa vyote, aliyetegemewa kuitambua alikuwa dume aliyefungwa uzazi, na walinzi waliomtazama akimfuata jike wakaandika. Mimba ya kwanza ya namna hiyo, ya kiinitete cha majaribio cha kifaru wa kusini, ilifika siku 70. Novemba 2023 mama yake akafa kwa bakteria walioibuliwa na mvua kubwa.

Wanaogawa fedha za uhifadhi nawaomba hivi: kabla ya kununua mashine nyingine, waulize mwenye daftari analipwa kiasi gani, na nani anafundishwa kushika nafasi yake akistaafu.