Hongera, walimu wa kwaya wa Kerugoya
Jumba la opera Kerugoya hatuna. Tuna walimu wa kwaya, na kwangu hao wanastahili makofi kwanza. Mwalimu anaandika solfa ubaoni kwa chaki, anawashikisha soprano sauti yao, anarudia, anarudia tena, hadi besi kule nyuma wanaanza kusinzia. Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, soprano Mkenya aliyeanzisha Baraka Opera Trust, yuko kwenye kazi hiyohiyo, ila jukwaa lake ni kubwa zaidi: pumzi, matamshi, mazoezi yasiyo na likizo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, huwasimamisha wanafunzi wetu mbele ya waamuzi wakali. Malipo ya mwalimu? Mara nyingi chai na asante, na Krismasi ikikaribia anadaiwa “Hallelujah” ya Handel, tena bila kinanda.